Mikono ya Mtoto wa Vitabu

Makongeni, Thika
Mwezi wa Desemba

Kwa dada yangu mpenzi Kalondu, mama Kioko,

Salamu zangu zikufikie hapo Mutito kabla vumbi la basi halijatulia. Mimi ni mzima, tena mzima wa kuogopesha watu. Juzi mbu wa huku aliniuma shingoni, na asubuhi nikamkuta amelala chali juu ya blanketi anatetemeka, yeye ndiye amepata homa. Je, nyinyi? Mguu wa mama umepoa? Mvua imefika, au bado inazunguka milimani kama mgeni asiyejua mlango uko upande gani? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, au mnaendelea kumtazama tumbo?

Ndunge mtoto wangu, najua ni wewe unayesoma barua hii, kwa sababu mama yako shule aliiona kwa nje, na baba yako hata hapo nje alipita upande mwingine wa njia. Soma polepole, usimeze maneno. Ukifika mahali nimemtaja baba yako usipunguze sauti. Ongeza.

Dada, barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa hasira. Kwamba shemeji Mwangangi anasema mtoto wa vitabu ni kibuyu kilichochorwa maua nje na ndani kinavuja. Kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayempa Kioko hata ufagio. Kwamba likizo ikiisha Kioko arudi nyumbani ashikwe mikono, na baba yake asipoisikia kazi ndani ya hiyo mikono, basi Fomu ya Pili ndiyo mwisho wa shule. Januari aende Yatta kuchunga ng'ombe.

Shemeji Mwangangi, mpima mikono! Mtu aliyejenga ghala likaegemea mbuzi, na mpaka leo mbuzi yule hawezi kupelekwa malishoni kwa sababu ghala litaanguka. Huyo ndiye amekuwa daktari wa mikono ya watu. Sawa. Nilikwambia mlete kijana, nami nikaapa kwamba Thika nzima itamgombania. Thika ni yangu mimi. Hapa hata garimoshi likifika stesheni hupiga honi mara mbili, ya kwanza ya stesheni, ya pili yangu.

Basi Kioko akashuka kwenye basi na wenzake wawili wa shuleni. Lo, dada! Soksi nyeupe mpaka gotini, nywele zimechanwa njia katikati kama barabara ya kwenda kwa DC, na kila mtu wanamwomba radhi kwa Kizungu. Walimwomba radhi hata kuku aliyekuwa mlangoni kwangu. Nikawaambia, "Vueni hizo soksi. Huku kazi haitafutwi na miguu iliyovaa kama harusi." Kioko akacheka akavua. Wale wawili wakazishusha tu mpaka kwenye kifundo, wakaona wametii.

Na wewe unajua siku hizi za passi za kukaa mjini zilivyo. Kijana akionekana mjini hana kazi, askari wanamwokota kama kuni na kumrudisha kwao. Kwa hiyo jambo lilikuwa hivi: Kioko apate tajiri wa kumwajiri upesi, au apandishwe lori, na lori limpeleke moja kwa moja kwa ng'ombe za Yatta. Nililala nikilifikiria hilo. Mimi nikilala nafikiri, majirani hawapati usingizi.

Nikaanza na bazaar. Kuna Muhindi mmoja mwenye duka la nguo, Maganlal, ambaye huniita rafiki ninapopita nje, na bwana mkubwa ninapoingia ndani. Niliwapanga vijana mlangoni kama gwaride.

"Maganlal," nikamwambia, "Krismasi inakuja, duka litajaa. Hawa ni watoto wa sekondari. Wachukue mpaka shule ifunguliwe, wakukunjie vitambaa, wakupimie."

Akawatazama kuanzia miguuni kwenda juu. "Nasoma hawa?"

"Wanasoma mpaka kitabu kinaomba kupumzika."

"Kizungu najua?"

"Wanaota kwa Kizungu!"

Akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyefiwa. "Basi hapana, rafiki. Mimi nataka mtu nabeba, nanyamaza. Mtu nasoma nakaa hapa, mteja nauliza kitambaa hii imetoka Ulaya? Yeye naangalia pembeni ya kitambaa, nasoma, nasema kweli. Mimi nafunga duka."

Dada, huyo angalau alisema ukweli. Nilimdharau kwa adabu, nikatoka.

Kesho yake nikawapeleka Ruiru, kwenye shamba moja kubwa la kahawa, maana huu ndio wakati kahawa imeiva na wachumaji hawatoshi. Njiani nikawafundisha. Nikawaambia kahawa ni kama mbaazi za kwetu, hakuna ajabu. Meneja Mzungu alikuwa amesimama barazani na fimbo yake. Kabla sijafungua mdomo wale vijana wakamwamkia kwa Kizungu, Kizungu kirefu chenye mikia, mpaka mimi mwenyewe nikajisikia nimevaa tai.

Yule Mzungu akawa mwekundu. Hao watu wana tabia moja: Kizungu ni chao, na Mwafrika akikigusa wanaona kama amekalia kiti chao cha sebuleni. Akawajibu kwa Kiswahili chake, ambacho anakitafuna kama kiazi cha moto: "Hapana sema Kizungu na mimi! Veve nataka kazi? Shika debe. Kwenda."

Wakashika debe. Wachumaji walikuwa akina mama wa Kikuyu, wepesi, vidole vyao vinaokota punje moja moja nyekundu kama kuku. Sasa wewe unajua mbaazi tunavyovuna. Unashika tawi, unavuta kiganja kutoka juu mpaka chini, kila kitu kinaingia kikapuni, mbichi na kavu, mtachambua nyumbani mkipiga hadithi. Kioko na wenzake wakafanya hivyohivyo. Matawi yakabaki uchi. Debe zao zilijaa kabla mama yeyote hajafika nusu, wakazipeleka kwa nyapara wakitabasamu.

Nyapara akachungulia ndani. Kijani tupu, na majani, na vijiti. Akazigeuza zote chini mbele ya watu.

"Haiya!" mama mmoja akapiga makofi. "Hawa ni wanafunzi wa shule gani? Ya tumbili?"

"Mama," Kioko akamjibu kwa heshima, "kwetu ndivyo tunavyovuna mbaazi."

"Basi rudi ukavune mbaazi, mwanangu. Mti huu una mwenyewe, na mwenyewe ana fimbo."

Tukafukuzwa mpaka barabarani. Wale wawili wakanitazama mimi. Nikawaambia, na wewe pia nakuambia dada, sikukosea. Kahawa ndiyo iliyokosea. Mti gani huo unaivisha tunda moja leo na jingine wiki ijayo, kama mtu mchoyo anayegawa nyama? Mbaazi ina heshima zaidi. Lakini tulirudi Thika kwa miguu, na vijana hawakusema kitu, hata kwa Kizungu.

Jumapili baada ya kanisa wenye biashara wa kwetu walikuwa na mkutano katika hall ya Makongeni. Mwenyekiti wao ni Zakaria, mwenye hoteli na duka la mikate. Huyu Zakaria akisimama, tumbo husimama kwanza, yeye hufuata baadaye. Jumapili iliyotangulia alikuwa ameshika meza ya kanisa akituambia elimu ni taa, tuwashe taa, tusiwe watu wa giza. Karibu nilie. Sasa sikiliza taa yenyewe.

"Ndugu zangu," akasema, "shule zikifungwa, hawa vijana wa sekondari wanajaa mjini. Wanaegemea kuta za maduka yetu. Wanasoma magazeti yetu bila kununua. Mimi nashauri twende kwa DO, tumwombe askari wawarudishe kwao mpaka shule zifunguliwe."

Na watu wakapiga makofi! Watu wenye watoto!

Kioko alikuwa amekaa karibu nami kule nyuma. Nilimwona akitazama vidole vyake. Hapo damu ikanipanda. Nikasimama, na benchi likasimama nami.

"Mwenyekiti, ukuta wako umewahi kumpa mtu kazi?"

"Ukuta? Ukuta gani?"

"Huo wanaouegemea. Mpe kijana ufagio, ataegemea ufagio. Mpe meza apanguse, ataegemea meza. Wewe umempa ukuta peke yake, halafu unamshitaki kwa DO kwamba ameuegemea."

Wakacheka. Nikaona nimepata njia, nikakanyaga. "Nyinyi nyote hapa mnalia kwamba kijana akimaliza shule hajui kazi. Angejulia wapi? Tumboni mwa mama yake? Kwetu ndama akiwa bado mdogo tunamvika nira nyepesi, anavuta gogo mle uani, watoto wanamfuata wakiimba. Siku ya jembe inapofika shingo yake inaijua nira. Nyinyi mnataka maksai aliyekomaa, asiyewahi kuvishwa kitu, halafu akiwapiga teke mnasema ni elimu ndiyo iliyompa kwato! Wachukueni likizo hii. Wamwage chai yenu kidogo. Wavunje kikombe. Mwaka kesho hawatavunja, na mwaka wa tatu watakuwa watu wenu."

Mabati ya hall yalikuwa yanalia kwa sauti yangu. Kuna mtu alinieleza baadaye kwamba huko Kimbo, Ruiru, mbwa waliinua masikio.

Zakaria akangoja kelele zishuke. Ana akili ya nyoka, huyo. "Wewe ndugu, huu ni mkutano wa wenye maduka. Wewe una duka gani?"

"Nina macho. Nakuja kuwatazama."

"Vizuri. Basi mwenye macho, utuambie. Hawa vijana kama ni dhahabu namna hii, mbona tajiri wako mwenyewe hujamwomba awachukue? Au naye hakujui?"

Dada, hall ilicheka mpaka mlango ukafunguka. Nikakaa. Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu kuliko mkutano.

Sasa Ndunge, hapa usome kawaida tu, usivute maneno. Mnajua mimi nafanya kazi kwa Sardar Kirpal, Kalasinga anayenunua magome ya miti ya muwati kutoka mashamba ya Theta na kuyapeleka kiwandani, yakachemshwe kutoa dawa ya kulainisha ngozi za viatu. Na mnajua nimewaandikia kwamba mimi ni nyapara pale. Kwa nini sikumwomba Sardar tangu mwanzo? Kwa sababu mtu mkubwa hamsumbui mwenzake kwa mambo madogo. Basi.

Jumatatu Kioko akanifuata kazini bila kuitwa. Akanikuta chini ya tita la magome, kamba ya kubebea imenibana kwenye paji la uso, jasho linatiririka mpaka kwenye viatu. Matita hayo si kuni za kina Ndunge. Nikivuka na tita moja tu, daraja la Chania huwa linaguna. Kioko akasimama akanitazama.

"Nyapara mzuri," nikamwambia kutoka chini ya mzigo, "huonyesha watu mfano."

"Ndiyo, mjomba," akasema.  Akashika upande wa nyuma wa lile tita, tukalipandisha kwenye lori pamoja. Huyo ni mtoto wako, dada. Si wa Mwangangi, nasema tena, si wa Mwangangi. Labda masikio tu.

Mchana tukakaa kwenye kivuli cha lori tukala. Pale uani kuna pipa ambamo maji ya mvua hulowesha vipande vya magome vilivyovunjika, na maji yake huwa mekundu yanayoelekea kuwa meusi. Ukitia mkono mle, rangi haitoki hata ukisugua kwa mchanga. Mikono ya sisi watu wa magome hujulikana mpaka kanisani. Nikapata wazo. Nikamwambia Kioko, "Tazama. Baba yako anataka mikono ya kazi. Tia mikono kwenye pipa hilo, ikae humo wakati mimi namaliza kula. Kesho tia tena. Ukifika Mutito atadhani umejenga hiki kiwanda. Mwangangi ataona nini? Haoni hata ghala lake."

Akalitazama pipa. Akanyoosha mkono, nikadhani anakubali. Akauchovya ukucha mmoja, akautazama, akaufuta kwenye kaptura.

"Baba hatatazama, mjomba. Atashika. Na rangi haina sugu."

Nikatafuta la kumjibu nikakosa. Mimi Musyoka, nikakosa! Andikeni mahali. Kabla sijameza tonge, alikuwa amekwisha inuka, anakwenda moja kwa moja kwa Sardar, ambaye alikuwa anagomba.

Sardar siku ile alikuwa na kilemba chekundu na hasira ya rangi hiyohiyo. Lori la Theta lilikuwa limefika, na matita mengi yalikuwa yamefunguka njiani, magome yamemwagika kutoka huko mpaka mjini kama nyayo za mtu mlevi. Huwa tunayafunga kwa ukanda wa gome lenyewe, lile bichi, na ukanda huo unateleza kama samaki. Kila mtu analaumu mwenzake. Mimi nafunga fundo la kiume, la nguvu, ambalo likifunguka linafunguka kwa heshima yake.

"Bwana," Kioko akamwambia, kwa Kiswahili safi, Kizungu amekiacha kule Ruiru, "mimi ni mwanafunzi. Natafuta kazi mpaka shule ifunguliwe."

"Mwanafunzi? Mwanafunzi napenda kiti! Hapa kiti hapana!" Na Sardar akalipiga teke tita lililokuwa karibu, likafunguka lote miguuni pake.

Kioko akaliendea. Akapiga magoti. Akakusanya yale magome, akageuza migongo yote nje, akalikandamiza tita kwa goti, akazungusha ule ukanda mara mbili, akausokota na kuupitisha chini yake wenyewe, akavuta. Ukalia kriii. Sardar akalipiga teke. Likabingirika zima. Akalinyanyua akalitikisa, akalitupa chini kutoka juu ya lori. Zima. Akatafuta njia nyingine ya kulitesa akakosa.

"Nani nafundisha wewe hii?"

"Mama. Kwetu ni fundo la kuni."

Wabebaji wenzangu wakaangua kicheko, wakashikana mabega. "Kuni! Jamani, Musyoka, mpwa wako anafunga kuni na wanawake!" Kioko akawatazama, akatazama yale magome yote yaliyomwagika uani. "Ndiyo," akasema. "Na matita ya wanawake wa kwetu hayafunguki njiani."

Ndunge, sasa simama. Ndiyo, simama wima, usome hapa hata ng'ombe wasikie. Fundo lile ni lile lile ambalo baba yako alimkataza Kioko kulifunga. Alimtoa kwenye kuni mbele za watu, akisema mtoto wa kiume aliyetahiriwa hafungi kuni na mama yake, atamletea aibu. Mama yako wakati huo alikuwa ameumia mkono, na wewe ulikuwa mdogo, nani angefunga? Angefunga yule mbuzi anayeshika ghala? Shemeji, aibu yako imepata kazi Thika. Fundo lako la kiume lingemfukuza.

Sardar akamwuliza, "Musyoka ni nani yako?"

"Mjomba wangu."

"Huyu? Huyu nasema mpaka lori nachoka kungoja?" Akanitazama nikiwa na tonge mkononi. "Sawa. Nasema sana sana. Lakini miaka yote hajaiba gome, hajakosa siku. Kesho njoo. Wewe nafunga, nafundisha hawa wazee kufunga."

Umesikia alivyonisifu mbele ya watu wote? Sehemu ya mwanzo ya maneno yake hamna haja ya kuirudia mkisimulia.

Tangu siku hiyo Kioko yuko uani asubuhi mpaka jioni. Wiki ya kwanza malengelenge yalimpasuka akawa hawezi kushika kijiko, nami nikamlisha ugali kama ndege anavyolisha kinda, nikimtukana ili asilie. Hakulia. Wale wazee waliomcheka sasa wanapiga magoti wakijifunza fundo la dada yangu Kalondu, na mimi nawasimamia, maana mtu lazima awasimamie. Lori la mwisho walilolipakia Theta lilifika na matita yote yamefungwa. Sardar amemwambia Kioko arudi likizo ya Aprili, na alete kijana mwingine wa shule ambaye mama yake alimfundisha kitu.

Na Zakaria? Keti chini, dada. Aliposikia kwamba Kalasinga amemchukua mwanafunzi, hakulala. Haiwezekani mwenyekiti wa wenye biashara apitwe na ua wa magome! Asubuhi akaja mwenyewe mlangoni kwangu, tumbo likagonga hodi, akawachukua wale wenzake Kioko wawili wakamhudumie hotelini. Sasa wamevaa soksi zao tena na wanawaomba radhi wateja kwa Kizungu. Wamekwisha vunja vikombe, na hoteli imejaa watu wanaokuja kuombwa radhi. Hata Maganlal ameniuliza kwa siri kama ninamjua mwanafunzi asiyeona vizuri. Jumapili iliyopita Zakaria akasimama tena kanisani, akatangaza kwamba wenye biashara wa Makongeni, kwa uongozi wake, wameamua kuwapa vijana wa shule kazi za likizo. Uongozi wake! Alisema hata habari za ndama na nira. Akakosea, akasema punda. Niliguna mpaka kasisi akageuka.

Kioko atapanda basi Jumamosi. Msimwoshe mikono akifika, wala msimpe maji ya moto. Apite kwanza kwa baba yake.

Nisalimie mama yetu, mwambie mguu asiukunje akikaa. Nisalimie mzee Kitonga jirani, mwenye mizinga, nyuki wake wanisamehe kwa yale ya zamani. Nisalimie shangazi Mbithe, mwambie mchumba aliyenichagulia bado namfikiria, na nafikiri polepole. Ndunge, wewe nakusalimia mara mbili kwa kazi ya kusoma, na ujifunze hilo fundo pia kabla kaka yako hajalichukua lote. Na shemeji Mwangangi msalimie sana. Mwambie tukionana nitamsaidia kujenga ghala, mbuzi apumzike.

Ni mimi ndugu yako asiyechoka,
Musyoka wa Thika

Dada, hapa chini si uchafu wa posta. Ni kiganja cha Kioko. Nilimwambia akichovye kwenye lile pipa baada ya kazi akigandamize hapa, na safari hii hakukataa. Nilitaka niweke na changu kando, lakini karatasi haikutosha. Ndunge, hapa wewe nyamaza, mpe baba yako barua. Haya hahitaji kusomewa. Aweke kidole chake pale chini ya vidole vinne, mahali rangi haikushika, palipobaki peupe. Pale ndipo penye sugu.